Kabla Hujachimba Shimo la Mwembe, Hesabu Majirani

Anayetaka kupanda mwembe uani kwake huuliza kwanza aina, halafu mbolea, halafu dawa. Hesabu haulizi. Mti uliokomaa hutoa mamia ya maembe, na karibu yote huiva ndani ya mwezi mmoja au mwezi na nusu. Nyumba ya watu sita, hata kila mmoja akila embe kila siku, haitaumaliza mzigo huo. Yaliyobaki yatakwenda wapi? Ukiwa na jibu kabla hujashika jembe, utachagua aina nyingine, utachimba mahali pengine na utaukata mti kwa namna nyingine. Usipokuwa nalo, jibu litakuja lenyewe: harufu ya maembe yanayooza, nzi, na mawe ya watoto yakilia juu ya bati saa nane mchana. Ndiyo maana ushauri wangu unaanza na walaji. Mti unafuata.

Hapa pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, na hata bara kwenye joto, Morogoro, Dodoma, Tabora, mwembe hauhitaji kubembelezwa ili uote. Unataka nafasi. Shambani watu huacha mita nane hadi kumi kati ya mti na mti. Uani unaweza kupunguza kama utakuwa unaukata kila mwaka, lakini usiusogeze karibu na nyumba chini ya mita tano au sita, na karo la choo likae mbali zaidi. Simama pale unapotaka kuchimba, tazama juu, ujiulize matawi yataelekea wapi baada ya miaka kumi. Yakielekea kwenye bati lako, kila embe litakaloanguka usiku litakuamsha. Yakielekea ng'ambo ya ukuta, jirani amekwisha kuwa mshirika wako, mmeongea au hamjaongea.

Ongeeni mapema. Watu wa pwani wana mazoea ya tangu zamani ya mtu kumiliki mti katika ardhi ya mwenzake. Unguja, Pemba na pwani ya Kenya bado utakuta ardhi ni ya huyu na minazi au miembe ni ya yule, na kila kitu kinarithiwa upande wake. Mazoea hayo yamewalisha wengi, na yamezaa kesi pia, kwa sababu mapatano yalikuwa ya mdomo na waliopatana wamekwisha fariki. Kwa mwembe wa uani hamhitaji wakili. Mwambie jirani: tawi likivuka ukuta, maembe yake ni yako, na majani yake ni yako kufagia. Akiyataka maembe na kuyakataa majani, tawi likatwe lingali changa. Na kama wewe ni mpangaji, patana kwanza na mwenye nyumba, mti utakuwa wa nani siku ukihama. Watu wamegombana kwa vitu vidogo kuliko mwembe.

Sasa aina. Muuza miche atakusifia Kent, Keitt na Tommy Atkins, aina zilizotoka Florida, Marekani, zikaenea duniani kwa biashara. Tommy Atkins ni embe la kuvumilia kontena: ganda gumu, rangi ya kuvutia, ladha ya wastani, na nyuzi zinazokwama katikati ya meno. Uani sioni kazi yake. Embe lako halitasafiri zaidi ya nyumba tatu nne, kwa hiyo chagua kwa ulimi. Dodo ni kubwa na lina nyama ya kutosha watu wawili. Boribo lina harufu yake ambayo hailingani na ya embe lingine. Ngowe, refu lenye ncha iliyopinda, halina nyuzi za kusumbua, ila mti wake hushikwa haraka na ugonjwa wa ubwiriunga. Apple, la mviringo, ambalo kwao ni Malindi, lina maji mengi na watoto hulipenda. Nyumba yenye wazee waliopungukiwa meno ifikirie nyuzi kabla ya ukubwa.

Lakini jambo la maana kuliko jina ni wakati wa kuiva. Keitt huchelewa, tena hubaki na rangi ya kijani hata likiiva, jambo linalowapoteza wezi kwa siku kadhaa. Ukiwa na mti mmoja wa aina inayowahi na mwingine wa aina inayochelewa, msimu wako unarefuka na mzigo unagawanyika. Na kama uani pana nafasi ya mti mmoja tu, upo ufundi: bebesha aina mbili au tatu juu ya shina moja. Tawi hili dodo, lile Kent, la nyuma Keitt. Maembe hayatakujia yote kwa wiki moja, na jirani asiyependa dodo atapata la kwake.

Kubebesha ndiko kunakofupisha subira. Mche uliotokana na kokwa unaweza kukaa miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuzaa. Uliobebeshwa huanza mwaka wa tatu au wa nne. Tena kokwa ni bahati nasibu. Miembe mingi ya kienyeji, kokwa lake huotesha miche miwili, mitatu au zaidi, na mingi kati ya hiyo hufanana na mama yake. Kokwa la Kent au Keitt hutoa mche mmoja tu, na huo unaweza kuzaa chochote. Kwa hiyo kokwa la embe la kienyeji ni la kupatia shina lenye mizizi imara, na ladha utaichagua kwa kijitawi. Kokwa lenyewe lisikae kabatini. Livue ganda lake gumu, litie udongoni likiwa bichi, katika wiki chache za mwanzo, maana likikauka halioti.

Fundi wa miche akifanya kazi hiyo mbele yako, mwangalie mikono. Shina likifikia unene wa penseli analikata kiasi cha sentimita ishirini au thelathini kutoka ardhini, analipasua katikati kwa kisu chenye makali kweli, mpasuko wa sentimita tatu hivi. Kijitawi kimekatwa kwenye ncha ya tawi lililokomaa la mti unaopendwa, na majani yake yalishapunguzwa siku kadhaa kabla ili chipukizi lianze kuvimba. Anakichonga kabari pande mbili, bila kurudia rudia kisu, anakishusha mpasukoni hadi ganda likutane na ganda walau upande mmoja, anafunga kwa utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu, kisha anakivika kifuko chembamba cha kufungia barafu ili kisikauke. Mche unawekwa kivulini. Wiki tatu au nne baadaye chipukizi likifunguka, kifuko kinaondolewa. Si kazi ya siri. Kijana wa darasa la saba ataijua kwa Jumamosi moja. Usipotaka kujifunza, nunua kwenye vitalu vinavyojulikana: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, vituo vya utafiti wa kilimo, au kwa Kenya kituo cha KALRO Mtwapa. Ukinunua barabarani, tafuta kovu la kubebeshea kwenye shina. Mche usio na kovu ni wa kokwa, hata muuzaji akiapa.

Mwenye mwembe mzee mrefu usiozaa vizuri naye asikimbilie shoka. Ukatwe kwa hatua, machipukizi mapya yabebeshwe aina anayoitaka, na mizizi ya miaka arobaini ikabaki kufanya kazi. Ujiji, pale panapokumbukwa kwa Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871, mwembe unaosemekana walikutana chini yake ulishakufa. Iliyosimama leo inaelezwa kuwa ilitokana nao kwa kubebesha.

Shimo na kupanda sitakaa sana. Sentimita sitini kwenda chini na sitini upana. Udongo wa juu uuweke kando, uuchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyokwisha oza, uurudishe, uuache wiki kadhaa, kisha upande mvua za masika zinapoanza. Kovu la kubebeshea libaki juu ya udongo. Matandazo ya majani makavu yazunguke mti lakini yasiguse shina. Kiangazi cha kwanza na cha pili upe mti ndoo moja ya maji kila wiki. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu yang'olewe yote, maana hayo ni ya shina la kienyeji na yatakula nguvu za mti wako. Ukiona maua mwaka wa kwanza au wa pili, yakate, hata kama yanauma moyo.

Kukata ndiko ninakotaka tukae, kwa sababu ndiko watu wa uani wanakopuuzia kuliko kote. Mwembe ulioachwa wenyewe hupanda mita kumi na tano, ishirini, na maembe yake yote mazuri yanakaa kule juu kwenye jua. Huko hayafikiki ila kwa mawe au kwa mtoto kupanda. Kila msimu kuna watoto wanaovunjika mikono kwa kuanguka miembeni, na hakuna embe lenye thamani hiyo. Mti ukifika kimo cha kiuno au kifua, kata ncha yake. Utatoa matawi kadhaa. Bakiza matatu au manne yaliyotazama pande tofauti. Nayo yakirefuka, yakate ncha. Kila mwaka baada ya hapo, mara tu embe la mwisho likishachumwa, punguza urefu, toa matawi yaliyoingiliana katikati, fungua njia ya jua na upepo. Lengo ni mti usiozidi mita nne, ambao mama wa nyumba anaufikia kwa upembo akiwa amesimama chini.

Wakati wa kukata una maana yake. Tawi jipya linahitaji miezi kadhaa likomae ndipo litoe maua. Pwani, ukimaliza kuchuma Februari au Machi, kata hapo hapo, masika yakukuzie matawi mapya. Ukisubiri hadi Juni utakuwa unakata maua ya msimu unaofuata. Wengi hulaumu uchawi au jicho la mtu wakati kosa ni la panga lililochelewa.

Maua huja wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, baridi kidogo na ukavu vikikutana. Mwembe unataka kiu kidogo ndipo uchanue, kwa hiyo mti mkubwa usiumwagilie miezi miwili kabla ya hapo, hata kama una kisima. Mvua ikinyesha juu ya maua au unyevu ukizidi, maradhi mawili huingia: ubwiriunga, unaopaka maua vumbi jeupe, na chule, inayoyafanya meusi na baadaye kuweka madoa kwenye embe lenyewe. Mti uliofunguliwa katikati hukauka haraka na huugua kidogo. Salfa husaidia kwa ubwiriunga ukiwahi kabla haujaenea. Dawa ya kuua wadudu usiipige wakati wa maua hata kidogo: mwembe huchavushwa zaidi na nzi wa kawaida, wale wale unaowafukuza mezani, pamoja na nyuki na sisimizi. Ukiwaua, usitegemee matunda. Na mti ukizaa sana mwaka huu, mwakani unaweza kupumzika. Hiyo ni tabia yake, haina dawa.

Tukifika kwa nzi wa matunda, ndipo utaona kwa nini nimeng'ang'ania majirani. Mwaka 2003 watafiti nchini Kenya walimgundua nzi mgeni kutoka Asia, ambaye leo wanasayansi wanamwita Bactrocera dorsalis. Mwaka huo huo akaonekana Tanzania, na baada ya muda mfupi alikuwa ametapakaa sehemu kubwa ya Afrika. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa na kuingiza mayai. Kwa nje unaona kidoa tu, pengine tone la utomvu. Ndani, funza wanakula. Embe linaanguka, funza wanatoka, wanajichimbia sentimita chache kwenye udongo, na baada ya wiki mbili hivi wanaibuka nzi wapya chini ya mti wako, tayari kwa maembe yaliyobaki juu.

Nzi huyu hajui ukuta wala hati ya kiwanja. Unaweza kufagia ua wako mara mbili kwa siku, lakini kama jirani yako ana mwembe ambao maembe yake huangukia nyasini na kulala hapo, unafuga nzi wake. Kwa hiyo usafi wa chini ya mti ni kazi ya mtaa. Maembe yaliyoanguka yaokotwe kila siku, asubuhi, kabla funza hawajatoka. Mazima yaliwe au yapikwe siku hiyo hiyo. Yaliyooza yafukiwe nusu mita kwenda chini au zaidi, maana shimo la kuparura halizuii kitu, au yafungwe kwenye mfuko mweusi wa nailoni nzito na kuachwa juani siku kadhaa hadi funza wafe kwa joto. Kuyatupa jalalani nyuma ya nyumba ni kuwahamisha tu. Maduka ya pembejeo yanauza chambo cha kunasia madume, na chupa tupu ya maji yenye matundu hutosha kuwa mtego, lakini mtego bila kuokota maembe ni kazi ya bure.

Kwa mti mfupi kuna njia nyingine ninayoipenda kuliko dawa zote: kuvika maembe mifuko ya karatasi, hata gazeti lililokunjwa na kubanwa kwa stepla, yakiwa na ukubwa wa yai. Huwezi kuyavika yote. Vika hamsini mazuri, na hayo ndiyo utakayowapa watu. Na ukiona mwembe wako una maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, usiwachome. Wanauma, ndiyo, na mkwezi atakulalamikia, lakini nzi wa matunda hapendi kutaga mahali wanapotembea. Chuma kwa upembo ukiwa chini, nao wabaki na zamu yao.

Embe la kugawa lichumwe likiwa limekomaa na bado gumu. Usitazame rangi. Tazama mabega: embe changa, mabega yake yameshuka chini ya kikonyo, likikomaa yanajaa na kupanda hadi kikonyo kinaonekana kimezama katikati. Kata moja la majaribio. Nyama ikiwa imeanza unjano karibu na kokwa, mengine ya tawi hilo yako tayari. Yachume kwa upembo uliofungwa kifuko mdomoni, uache kipande kirefu cha kikonyo, kisha chini ukipunguze na ulilaze embe kichwa chini juu ya majani au vijiti utomvu uchuruzike nje. Utomvu huo unachoma. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na kila aliyewahi kubangua korosho mbichi anajua habari yake. Ukimwagikia ganda, unaacha mistari myeusi. Ukimpata mtoto mdomoni, anaota vipele. Osha maembe, osha mikono, na usimwachie mtoto ang'ate ganda la embe lililotoka mtini dakika hiyo.

Kisha yavundike. Kikapu, majani makavu ya mgomba au magazeti, maembe yasibanane, funika, weka mahali pa joto kiasi. Siku tatu hadi sita. Ndizi mbivu moja ikiwa ndani huharakisha. Jokofu lisubiri mpaka yaive, kwa sababu embe gumu likipigwa na baridi kali hubaki na ladha ya maji na ganda lenye madoa.

Namna ya kugawa ina adabu zake, na hapa nitasema wazi. Usimpelekee jirani yale ambayo popo ameyaonja huku mazuri ukiyaweka kabatini. Anajua. Popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani na anayelala kwa mamia pale Kidike, hujichukulia sehemu yake juu mtini. Binadamu mwenzako naye apewe sehemu yake nzima. Peleka kidogo kidogo: matano leo, matano baada ya siku nne, kuliko gunia moja litakalomwozea mikononi na kumfanya akuonee haya. Peleka magumu na mabivu pamoja, umwambie, "Haya ya leo, haya yavundike hadi Ijumaa." Mwenye kisukari usimpite, mpelekee mawili. Sahani ya jirani kwa desturi hairudi tupu, lakini ukimpa kwenye mfuko unampunguzia deni, na kwa msimu wa maembe ni bora hivyo, la sivyo mtaa mzima utakuwa unazungusha vitumbua.

Watoto wapewe siku yao. Wakijua kwamba Jumatano na Jumamosi baada ya madrasa au shule geti liko wazi, wataokota chini, watapewa chumvi na pilipili ya unga wale mabichi kivulini, mawe yatapungua sana. Hayataisha, mtoto ni mtoto. Lakini anayejua siku yake hana haraka ya kuruka ukuta, na mikono kumi ya watoto husafisha chini ya mti haraka kuliko wewe na reki. Walinzi, dada wa kazi, mwalimu wa madrasa, anayezoa taka, wote hawa hupitia mlangoni kwako na mara nyingi ndio wanaosahauliwa.

Kuuza je? Madalali huja mtaani miti ikiwa bado na maua, wanatoa bei ya mti mzima. Kwa shamba la Mkuranga au Muheza labda ina mantiki, uani siipendi. Bei ya maua ni ya kubahatisha, na mara nyingi bahati inaelemea upande wa mnunuzi. Vijana wake wakija watachuma machanga na makubwa pamoja, watavunja matawi ya mwakani, na majirani waliozoea kupewa watakuuliza wewe. Kama unahitaji fedha, na hakuna aibu katika hilo, subiri maembe yajae, uza kwa idadi, chuma mwenyewe, na tenga tawi moja lisilouzwa. Andikeni nani anafagia.

Baada ya yote hayo bado yatabaki. Hapo jikoni pana kazi. Mabichi yaliyokomaa yanakwenda kwenye mchuzi wa samaki badala ya ndimu au ukwaju, na kwenye kachumbari. Achari ndiyo mkombozi mkubwa: kata mabichi vipande vyembamba na ganda lake, nyunyiza chumvi ya kutosha, anika kwenye ungo juani siku moja au mbili hadi vijikunje kingo. Chemsha siki na sukari, saumu na tangawizi zilizopondwa, pilipili na bizari. Tia vipande, acha vichemke kidogo tu visipondeke, jaza kwenye chupa zilizochemshwa na kukaushwa. Ikikaa wiki mbili ndiyo inanoga, na ikitunzwa vizuri inavuka masika. Mabivu yasagwe, yagandishwe kwenye vyombo vidogo vya kipimo cha jagi moja moja. Kukausha vipande juani kunawezekana penye hewa kavu. Tanga na Mombasa hewa ina unyevu mno, na usipokuwa na kaushio lenye nailoni na wavu utatengeneza ukungu.

Wafungaji wana sababu ya ziada ya kupanga. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na katika miaka hii inaingia Februari, kisha Januari, ndani kabisa ya msimu wa maembe wa pwani. Kwa miaka kadhaa ijayo juisi ya futari inaweza kutoka uani moja kwa moja. Aliyekwisha kubebesha tawi la Keitt atakuwa na embe la kuchelewa kwa ajili ya futari za Februari, na msikiti wa mtaa hautakataa ndoo mbili.

Mwenye mwembe tayari asisubiri mche mpya ili aanze. Kabla ya Novemba, pita nyumba tatu zinazokuzunguka, hesabuni miembe iliyopo, chimbeni shimo moja refu la kufukia maembe yaliyooza, na mpange nani anaokota siku gani. Kazi hiyo haina gharama ila jembe na asubuhi moja ya Jumapili, na ikifanywa na nyumba moja peke yake haina faida.